Mwaka wa Kuzaliwa Alioupanga Dalali

Nilikuwa nimekwenda kutoa kopi za hati ya kiwanja kwenye duka la steshenari karibu na stendi, Tanga mjini. Mbele yangu alisimama binti mwembamba, ushungi mweusi, hina mbichi vidoleni. Pembeni yake mwanamke mtu mzima, pochi kubwa begani, bahasha ya kaki mkononi. Yule mama alikuwa akimuuliza swali kwa sauti ya chini, akilirudia, kama ustadhi anayesikiliza mwanafunzi akisoma juzuu.

"Umezaliwa mwaka gani?"

Binti akataja mwaka.

"Siyo huo. Sema tena. Una miaka mingapi?"

"Ishirini na tano."

"Sasa mbona unacheka? Ukifika kule usicheke."

Nikamtazama vizuri. Kama alikuwa ametimiza miaka 18, basi aliitimiza juzi. Akanigeukia, akanipa shikamoo, nikaitikia nikamuuliza anakwenda wapi. "Maskati, mama, inshallah. Kazi za ndani." Yule mama akadakia kwamba karatasi zote ziko sawa, wizarani zimepita, wala nisiwe na wasiwasi. Mashine ikatema kopi zao, wakalipa, wakaondoka.

Safari yenyewe haikunishtua. Tanga, Pemba, Unguja, Mombasa, tumekuwa na ndugu Uarabuni tangu enzi za mabibi zetu, na nyumba nyingi zenye bati jipya mtaani kwetu zimejengwa na mikono iliyoosha vyombo Maskati na Dubai.

Kilichonikosesha usingizi ni ule mwaka.

Nawajua kwa kusoma mabinti wawili waliovuka bahari na umri usio wao. Wote wawili walihukumiwa kifo.

## Al Ain

Sarah Balabagan alitoka Maguindanao, kusini mwa Ufilipino, upande wa Waislamu, upande wa mafukara. Alikuwa hajafikisha miaka 16. Pasipoti yake ilimtaja kama mwanamke aliyepita miaka 25. Mwaka 1994 akapelekwa Al Ain, Falme za Kiarabu, kufanya kazi za ndani kwa mwanamume aliyeitwa Almas Mohammed al-Baloushi.

Julai mwaka huohuo, muda mfupi tu tangu afike, alimchoma kisu bosi wake akamuua. Sarah alisema bosi alimshikia kile kisu akambaka, na kisu kikaishia mikononi mwake. Mwilini mwa marehemu yalihesabiwa majeraha 34.

Juni 1995 mahakama ya kwanza ikamkuta na hatia ya kuua bila kukusudia. Ikampa miaka 7 jela na kumwamuru ailipe familia ya marehemu dirham 150,000. Papo hapo ikaamuru yeye alipwe dirham 100,000 kwa kubakwa.

Kesi ikaamriwa isikilizwe upya. Septemba mahakama ya pili ikasema haikuona ushahidi wa kubakwa. Ikamhukumu kifo.

Ulimwengu ukapiga kelele. Sheikh Zayed, rais wa Falme za Kiarabu wakati ule, akaiomba familia ya marehemu iache kudai kisasi. Familia ikakubali diya, yaani fidia ya damu. Mwisho wa Oktoba mahakama ikampa mwaka mmoja jela na viboko 100. Viboko akachapwa, 20 kwa siku, siku 5. Diya ililipwa na mfanyabiashara wa Ufilipino. Agosti 1996 alikuwa amesharudi kwao.

Chumba ni kilekile, kisu kilekile, na watu waliokuwamo ni walewale wawili, mmoja keshazikwa. Ndani ya miezi michache majibu yakatoka matatu: miaka 7 na fidia, kisha kifo, kisha mwaka mmoja.

Hapo ndipo nilipokwama kwa muda mrefu. Kama tukio moja linaweza kuzaa hukumu tatu zilizo mbali namna hiyo, basi kilichokuwa kikipimwa siyo tukio peke yake. Machi ya mwaka huohuo wa 1995 Singapore ilikuwa imemnyonga Flor Contemplacion, mtumishi wa ndani Mfilipino aliyeshtakiwa kwa kumuua Mfilipino mwenzake na mtoto wa miaka 4. Watu wa Ufilipino walijaa barabarani kwa hasira. Mawaziri wawili, wa mambo ya nje na wa kazi, waliachia ngazi. Juni ikapitishwa sheria mpya ya kuwalinda wafanyakazi wanaokwenda nje. Ilipofika Septemba na jina la Sarah likatajwa pamoja na kifo, hakuna kiongozi wa Manila aliyeweza kuthubutu kukaa kimya.

Namshukuru Mungu kwa kelele zile. Lakini mwenye nchi isiyopiga kelele je?

## Majeraha 34

Sitaki kupita hapa mbiombio, maana kila niliyemsimulia kisa hiki aliniuliza swali moja, na mimi nilijiuliza kabla yao.

Thelathini na nne?

La tatu si lingetosha? La tano? Mtu anayejitetea hupiga akakimbia. Na yule aliyekufa alikuwa na watu wake. Walimuosha, wakamkafini, wakamzika, kisha wakakaa kwenye magazeti ya dunia nzima wakisoma baba yao anaitwa mbakaji. Nikijiweka mahali pao, mimi pia ningeuliza hayo majeraha mengine yalikuwa ya nini.

Sina jibu la kumridhisha mtu wa familia ile, na sidhani kuna mtu mwenye nalo.

Ninachojua ni kwamba idadi ile inasomeka kwa njia mbili. Inaweza kuwa chuki. Inaweza kuwa hofu ya mtoto aliyefungiwa ndani na mtu mzima mwenye nguvu kumzidi, anayeamini kwamba yule akiinuka tu, yeye ndiye atakufa. Daktari anahesabu matundu ya kisu. Siku zilizotangulia hazihesabu.

Basi mahakama inayotaka kujua kama ni chuki au hofu itauliza nini? Itauliza umri wa aliyeshika kisu. Nani alikuwa na ufunguo wa mlango. Kama kulikuwa na simu, na kama aliruhusiwa kuigusa. Kama alishawahi kulalamika kwa yeyote, kwa lugha gani. Mfanyakazi wa ndani aliyetoka mbali huwa ameshanyang'anywa majibu hayo kabla hajafanya kosa lolote. Pasipoti anashika kafili, yaani mwajiri anayemdhamini, lugha hana, na mashahidi wote wa maisha yake ya mle ndani ni watu wa upande wa marehemu. Na umri wake dalali ameshauandika upya.

## Rizana

Binti wa pili ni Rizana Nafeek, wa Sri Lanka. Alifika Saudia mwaka 2005 akiwa na miaka 17. Pasipoti ilisema 23. Hakuajiriwa kulea mtoto wala hakufundishwa, lakini aliachiwa kichanga cha miezi 4. Kichanga kikafa mikononi mwake. Alisema kilipaliwa na maziwa ya chupa. Wazazi wakasema amekinyonga.

Hakukuwa na mkalimani wa kueleweka alipohojiwa. Alitia saini maelezo ya kukiri, baadaye akayakana. Mwaka 2007 akahukumiwa kifo.

Cheti chake halisi cha kuzaliwa kilikuja kuonyeshwa. Sheria za kimataifa, ambazo Saudia nayo imezisaini, zinakataza kumuua mtu kwa kosa alilolifanya akiwa mtoto. Lakini mahakamani ilikuwapo pasipoti, na pasipoti ilikuwa na mhuri wa serikali. Serikali yao iliomba msamaha kwa niaba yake, wazazi wa kichanga wakakataa. Januari 2013 akakatwa kichwa.

Miaka sita aliyoongezewa na dalali ili apate kibali cha kazi ndiyo hiyohiyo iliyomtoa kwenye hesabu ya watoto.

Nilipokuwa nasoma hili nilimkumbuka yule mama wa pochi akisema "usicheke."

Na hata mwenye umri wake sahihi hana uhakika. Tuti Tursilawati, mama wa Kiindonesia, alimuua mwanamume wa nyumba aliyokuwa akitumika kule Taif mwaka 2010. Alisema mtu huyo alikuwa akimdhalilisha kijinsia. Oktoba 2018 aliuawa, na serikali ya Jakarta ikalalamika kwamba haikupewa taarifa kabla. Mkataba wa Vienna wa mwaka 1963 unamhakikishia mgeni anayekamatwa haki ya ubalozi wake kuarifiwa. Haki hiyo inaishia pale mlango wa gereza unapofungwa na anayejua jina lako nje hayupo.

## Mke wa Crawley

Kilichonigeuza mawazo hakikutoka Uarabuni. Kilitoka Uingereza.

Kiranjit Ahluwalia aliolewa kutoka India, akafika Uingereza mwaka 1979, akakaa mji wa Crawley. Kwa miaka 10 mume alimpiga, akamtishia, akambaka. Usiku mmoja wa Mei 1989 mumewe alimwekea pasi ya moto usoni. Mume alipolala, Kiranjit akachukua petroli, akamwagia, akawasha. Mume akafa kwa majeraha ya moto.

Mwendesha mashtaka hakuhitaji maneno mengi. Aliyeuawa alikuwa usingizini. Muuaji alikuwa na muda wa kufikiri, wa kwenda kuchukua petroli na wa kurudi. Kiranjit hakuweza kujieleza kwa Kiingereza, na mambo ya miaka 10 ya ndoa hayakuelezwa ipasavyo. Desemba 1989 akakutwa na hatia ya kuua kwa kukusudia, akapewa kifungo cha maisha.

Halafu, akiwa gerezani, ndipo habari zikaanza kutoka. Wanawake wa Southall Black Sisters, kikundi cha London cha wahamiaji na watoto wao, walimtembelea, wakamsikiliza kwa lugha yake, wakaandamana, wakatafuta mawakili. Ukapatikana ushahidi wa kitabibu wa sonona kali ambao haukutumika kwenye kesi ya kwanza. Mwaka 1992 mahakama ya rufaa ikaifuta hatia ile. Kesi ikarudiwa, akakutwa na hatia ya kuua bila kukusudia, na muda aliokwisha kukaa ndani ukahesabiwa kuwa umetosha. Akarudi kwa wanawe.

Zaidi ya miaka miwili na nusu kati ya hukumu ya kwanza na ya pili. Sasa weka pembeni yake Ruth Ellis, mwanamke wa mwisho kunyongwa nchini humohumo, mwaka 1955. Alimpiga risasi mwanamume aliyekuwa akimpiga ngumi hadi mimba ikatoka. Kutoka kukutwa na hatia hadi kitanzini zilipita wiki tatu na siku moja.

Kabla ya hapo nilikuwa nafikiri tatizo la hukumu ya kifo kwenye kesi hizi ni ukatili wake. Siku hizi naona kitu kingine kinanitisha zaidi: mambo ya ndani ya nyumba hayatoki siku ya kukamatwa wala siku ya kesi. Sisi wenyewe tunajua. Mwanamke wa Kiswahili atapigwa akaulizwa jicho limefanya nini, atasema nimejigonga mlangoni. Kwa mama yake atasema hivyo, kwa somo yake atasema hivyo. Leo umsimamishe mbele ya wanaume waliovaa majoho, kwa lugha ya watu, ndipo aseme yote kwa mara ya kwanza? Inachukua miaka. Inahitaji mtu aliyekaa naye hadi akamwamini.

## Michango

Hapa pwani tukipata habari ya mwenzetu aliyehukumiwa ughaibuni, jambo la kwanza ni kufungua kundi la WhatsApp na kuchanga. Ni jambo jema na nitaendelea kulifanya. Wakenya walimchangia Stephen Munyakho, aliyemuua Myemeni mwenzake wa kazini Saudia mwaka 2011 katika ugomvi. Naye hukumu zake zilipanda: kwanza miaka 5, kisha kwenye rufaa ikawa kifo. Diya ikafika riyali milioni 3.5. Mama yake, mwandishi wa habari mkongwe, alizunguka kila mlango kwa miaka. Fedha za Muslim World League, shirika la Kiislamu la kimataifa, ndizo zilizokata mzizi wa fitina, na Julai 2025 alitoka.

Nilifurahi siku ile. Siidharau diya. Kuipa familia iliyofiwa uwezo wa kusamehe ni kitu ambacho mahakama zetu za kurithi kwa Waingereza hazina kabisa, na familia ya al-Baloushi ilipokubali kuacha kisasi, binti alipona.

Ila najiuliza juu ya yule ambaye mama yake ni muuza vitumbua, hajui kuandika barua kwa balozi, na mwanawe pasipoti yake ina jina la kijijini na mwaka wa uongo. Nani ataanza kumtafuta?

## Na kwetu je

Nilipanga makala hii imalizikie Uarabuni. Ingekuwa rahisi. Lakini nikafungua Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, Sura ya 16, nikasoma kifungu cha 197, na sikuweza kuendelea kunyoosha kidole nje.

Kifungu kinasema aliyekutwa na hatia ya kuua kwa kukusudia atahukumiwa kifo. Jaji hapewi cha kuchagua. Mahakama ile ya kwanza ya Al Ain, ambayo wengi tungeiita ya kikatili, iliweza kuweka mezani kifo cha bosi na kubakwa kwa binti, ikavipima vyote viwili. Jaji wetu akishasema neno "kukusudia," mizani inaondolewa mezani. Kuna msamaha kwa mjamzito na kwa aliyekuwa chini ya miaka 18, na hapo tena tunarudi kwenye karatasi za dalali, maana na sisi tunao mabinti waliovuka mipaka kuja kutufanyia kazi majumbani, na wengi hawana karatasi yoyote.

Upo mlango mmoja mdogo, utetezi wa kukasirishwa. Aliyeua kwa hasira ya ghafla, kabla hasira haijapoa, kosa lake linashuka kuwa kuua bila kukusudia. Mlango huo umekatwa kwa kipimo cha mwanamume anayefumania. Mwanamke anayepigwa Jumatatu na kuua Alhamisi, kwa kuwa Jumatatu hakuwa na nguvu za kupambana, sheria inamwambia hasira yako ilishapoa. Kiranjit, angeshtakiwa kwetu, asingepita hapo.

Wenzetu wameshauona ubovu huu. Uganda, Susan Kigula alihukumiwa kifo mwaka 2002 kwa kumuua mwanamume aliyekuwa akiishi naye, kosa ambalo amelikana siku zote. Akiwa gereza la Luzira aliungana na wafungwa wengine 417, wakaenda mahakamani kupinga hukumu ya lazima. Januari 2009 Mahakama ya Juu ya Uganda ikakubaliana nao. Mafaili yakarudishwa kwa majaji wasikilize, kwa mara ya kwanza, huyu mtu ni nani na alitoka wapi. Kigula akapunguziwa hadi miaka 20, na Januari 2016 akatoka, tayari amesomea sheria mlemle gerezani. Kenya ilifuata Desemba 2017, kwenye kesi ya Francis Muruatetu.

Sisi tulishaambiwa, tena nyumbani kwetu. Novemba 2019 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyopo Arusha, iliamua katika kesi ya Ally Rajabu na wenzake kwamba hukumu ya kifo ya lazima inavunja haki ya kuishi, ikaipa serikali mwaka mmoja kuiondoa kwenye sheria. Mwezi huohuo serikali ilikuwa imetangaza kujitoa kwenye tamko linaloruhusu mwananchi kwenda moja kwa moja mbele ya mahakama ile. Mwaka ukapita, kifungu hakikuguswa.

Nitajibiwa kwamba kwetu hakuna aliyenyongwa tangu miaka ya 1990. Najua. Lakini waliohukumiwa wamekaa kule wakisubiri, na rais mmoja tu, siku moja tu, anaweza kutia saini. Na hata asipotia, yule mwanamke wa Alhamisi amekwishahukumiwa bila kuulizwa habari za Jumatatu. Tutakwenda kumwombea nani huruma huko ughaibuni, balozi wetu ameketi mbele ya familia iliyofiwa akiwaomba wapime mazingira, hali kwao yeye jaji amekatazwa kuyapima?

Sisemi anayeua asifungwe. Sarah alifungwa, Kiranjit alifungwa, na aliyekufa ana haki yake. Nasema jaji aulize kwanza, na muda uwepo wa kujibiwa. Kwa Tanzania haihitaji katiba mpya wala fedha za wafadhili. Bunge linatakiwa kubadilisha sentensi moja ya kifungu cha 197, kutoka "atahukumiwa" kwenda "anaweza kuhukumiwa," na kuandika upya maana ya kukasirishwa ili kipigo cha miaka kihesabiwe. Mbunge wa jimbo letu ana ofisi yake mtaa wa pili tu kutoka lile duka la steshenari, na barua ya kumtaka apeleke hoja hiyo tumeshaanza kuisaini.